Zile Kona za Alps Hazikujengewa Picha Zako

Kila msimu wa joto Ulaya, simu yangu hujaa video ileile iliyorudiwa mara elfu: gari dogo jekundu, mlima mkubwa, kona zinapindana kama utumbo wa mbuzi, muziki laini nyuma. Chini wasee wanaandika wanataka kwenda. Poa, wekeni akiba. Lakini ukienda bila historia utakuwa umechoma mafuta ya bei kali kuangalia mawe na theluji.

Ruti yangu inapita Luxembourg, Ufaransa, Uswisi, Italia na Austria. Na inaanzia Schengen.

Eeh, Schengen ni mahali. Lile jina linalotuumiza kichwa kwa fomu za visa ni la kijiji cha mashamba ya zabibu kando ya mto Moselle, pale Luxembourg inapokutana na Ufaransa na Ujerumani. Tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli ya mtoni iliyoitwa Princesse Marie-Astrid, nchi tano zilitia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani polepole: Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa na wanachama 10 wakati huo. Nusu yao walikaa kando wakiangalia kama mambo yataharibika.

Hii story husimuliwa kama ya viongozi wenye maono makubwa. Mimi shukrani zangu naanza kuwapa madereva wa malori. Februari 1984 watu wa forodha wa Italia na Ufaransa walifanya kazi goigoi makusudi, malori yakakwama kwa baridi ya Alps, na madereva wakakasirika wakafunga barabara kwa trela zao. Uchumi ukaanza kupiga kelele. Kufikia Julai mwaka huo Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimekubaliana kulegeza mpaka wao, na mwaka uliofuata ndio ile meli. Kama umewahi kuona foleni ya malori Malaba, hauhitaji kuelezewa zaidi.

Kitu kinachonifurahisha kwenye ule mkataba ni stika. Mwanzoni mpaka haukufutwa. Ulikuwa unabandika duara la kijani kwenye kioo cha mbele, kumaanisha hauna kitu cha kuonyesha forodha, unapunguza mwendo, askari anakuangalia kwa macho tu, unapita. Ukaguzi wenyewe ulikuja kuondolewa 26 Machi 1995. Miaka kumi!

Kutoka hapo teremka Alsace, mashariki mwa Ufaransa. Strasbourg ni mji ambao mtu aliyezaliwa 1870 angeweza kubadilishwa nchi mara nne bila kuhama nyumba: Ujerumani 1871, Ufaransa 1918, Ujerumani 1940, Ufaransa tena vita vilipokuwa vinaisha. Kula, lala, songa mbele mpaka Uswisi.

Sasa tunapanda. Barabara ya Simplon, inayotoka Uswisi kuingia Italia, tunaambiwa ni ya kupendeza. Aliyeiagiza hakuwa na haja na kupendeza. Mwaka 1800 Napoleon alivusha jeshi lake kwenye mlima jirani wa Great St Bernard, na mizinga ilibidi ivutwe kwenye theluji ikiwa ndani ya magogo yaliyochongwa shimo. Baada ya hiyo shida akaagiza barabara ambayo mizinga ingepita juu ya magurudumu yake, ikajengwa kati ya 1801 na 1805. Kwa hivyo ule mteremko mpole ambao dere wako atausifu ulipimwa kwa ajili ya farasi wanaokokota silaha.

Halafu Stelvio. Hapa usikimbie.

Mwaka 1815, baada ya Napoleon kuangushwa, eneo la Lombardia, Milan ikiwemo, lilipewa himaya ya Austria. Mfalme akataka njia ya kuunganisha mali yake mpya na ya zamani. Mhandisi Carlo Donegani akaijenga kati ya 1820 na 1825, mpaka mita 2,757 juu ya bahari, na upande wa Prato peke yake una kona kali 48. Kazi ya mikono hiyo. Shida ni kwamba 1859 Austria ilipigwa ikapoteza Lombardia. Barabara iliyojengwa kuunganisha himaya ikageuka mpaka baada ya miaka 34. Ilipofika vita vya kwanza vya dunia, askari wa pande mbili walipigana pale juu kwenye barafu, na Waaustria walipandisha mizinga hadi karibu na kilele cha Ortler, mlima mrefu kuliko yote katika himaya yao. Mwaka 1919 pande zote mbili za Stelvio zikapewa Italia, Ortler ikiwemo. Ndiyo maana ukiteremka zile kona 48 bado uko Italia lakini mama wa duka anakusalimia kwa Kijerumani.

Mbele kidogo, kwenye ziwa Resia, utaona mnara wa kanisa umetoka katikati ya maji. Kila mtu husimama kupiga selfi. Kijiji cha Graun kilizamishwa 1950 kwa ajili ya bwawa la umeme, na huo mnara ndio uliobaki. Piga picha, lakini ujue umesimama mbele ya makwao watu.

Austria iliyobaki ilikuwa nchi ndogo, bila himaya, bila Ortler. Mlima wake mrefu zaidi sasa ukawa Grossglockner, mita 3,798. Mwaka 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka na vijana hawana kazi, serikali ikaanza kujenga barabara ya kuukaribia. Ilifunguliwa 3 Agosti 1935, kilomita 48, na kona 36. Hii pekee kwenye ruti yetu ndiyo ilijengwa watu waje kuangalia, na ni ya kulipia mpaka leo. Angalau walisema ukweli.

Sasa sisi wenye pasipoti ya Kenya. Mpaka ambao mjerumani anauvuka akibadilisha wimbo, sisi tulihamishiwa Nairobi: euro 90 za maombi, bima ya euro 30,000, hoteli za kila usiku, ruti yote kwa karatasi kabla hata hujajua utakubaliwa. Na pasipoti usiifiche chini ya begi, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu, hata ule wa daraja la Schengen.

Maombi unapeleka kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Mimi ningelala moja Luxembourg, moja Strasbourg, mbili Uswisi, nne Italia, mbili Austria. Kwa hivyo fomu inaenda kwa Waitalia, na tarehe ni kati ya Juni katikati na Septemba, kwa sababu kabla ya hapo Stelvio inaweza kuwa bado imefungwa na theluji.