Jina Lilirudi, Saa Haikurudi: Kisa cha Tamthilia Zilizofufuliwa Mtandaoni



Chumba chetu cha kushonea kina cherehani nne, meza ya kukatia, pasi, na runinga ndogo iliyotundikwa juu ya mlango. Baada ya sala ya adhuhuri na chakula, tamthilia huanza na hakuna anayesimamisha kazi. Tunasikiliza zaidi kuliko kutazama. Mwenye kutia shanga anajua nani kasalitiwa na nani kaachika bila kunyanyua uso kwenye kitambaa. Siku hizi bibi harusi akija kupimwa hutoa simu, akatuonyesha gauni alilolipenda kwenye tamthilia hiyo hiyo, kisha akatumwagia kisa chote mpaka mwisho, maana yeye kaimaliza mtandaoni kwa siku mbili. Sisi bado tuko katikati.

Hapo ndipo tulipoanza kujiuliza: tamthilia ya kila siku ikihamia mtandaoni, inabaki kuwa kitu kile kile? Tulipofuatilia tukakuta Marekani swali hili limeshaulizwa, na waliolijibu walilipa gharama kubwa.

Hadithi zilizolipiwa na sabuni

Wamarekani wanaziita tamthilia hizi kwa jina la sabuni, na sababu ni ya kibiashara. Miaka ya 1930 redio ilipoingia majumbani, watengenezaji wa sabuni kama Procter & Gamble waligundua kuwa mchana wasikilizaji wengi ni wanawake walio na kazi za nyumba. Wakalipia hadithi za kila siku. Mama anasikiliza bure, na katikati anaambiwa sabuni ipi inang'arisha shuka. Mwandishi Irna Phillips ni mmoja wa walioijenga kazi hiyo. Hadithi yake, The Guiding Light, ilianza redioni mwaka 1937, ikaingia kwenye televisheni mwaka 1952, na ikafungwa Septemba 2009. Miaka 72.

Walioandika hadithi hizi walijua mikono ya msikilizaji imo majini. Ndiyo maana jambo lile lile linasemwa jikoni kwa huyu, kisha linarudiwa sebuleni kwa yule. Mtu wa nje anaona inachosha. Mama mwenye mtoto analia na chungu jikoni anashukuru, kwa sababu hakupitwa.

Mwanafunzi wa Irna aliitwa Agnes Nixon. Mwaka 1962, akiandika The Guiding Light, alitaka kisa cha mwanamke anayegundulika mapema ana saratani ya kizazi, ili watazamaji wajue kuna kipimo na waende kupima. Walioidhamini tamthilia wakakubali kwa sharti: maneno "saratani" na "mji wa mimba" yasitamkwe kabisa. Akaandika hivyo hivyo, na ujumbe ukafika. Sisi tunaojua namna magonjwa ya ndani yanavyosemwa kwa kunong'ona hata kati ya mama na binti yake, tunaelewa alifanya kazi gani.

Baadaye Agnes Nixon alianzisha tamthilia zake mwenyewe katika kituo cha ABC: One Life to Live mwaka 1968, na All My Children Januari 1970. Zote mbili zilikuwa katika miji ya kubuni ya jimbo la Pennsylvania, Llanview na Pine Valley. Kwa miaka mingi All My Children ilianza saa 7 mchana, One Life to Live saa 8, na General Hospital saa 9, kila siku ya kazi. Mwigizaji Susan Lucci alianza kuwa Erica Kane mwaka 1970 na akamchukua mhusika huyo mpaka mwisho katika ABC. Erika Slezak alikuwa Viki tangu 1971. Watoto waliokaa miguuni pa mama zao wakitazama walikuwa wakubwa, wakaolewa, wakatazama na watoto wao.

Mazoea yalivyoanza kukatika

Wanawake wengi zaidi walianza kutoka kwenda kazini, na vituo vya televisheni vikaongezeka. Kisha mwaka 1995 kesi ya mauaji ya O.J. Simpson ilirushwa moja kwa moja mchana kwa miezi mingi, na mara nyingi tamthilia zikawekwa kando kuipisha. Kesi ilipokwisha, baadhi ya watazamaji hawakurudi tena. Hawakuzichukia hadithi. Walikuwa wameshazoea kuishi bila ya ile saa.

Tarehe 14 Aprili 2011 ABC ilitangaza kuzifunga All My Children na One Life to Live. Mahali pake pangewekwa vipindi vya mapishi na afya, ambavyo ni rahisi zaidi kuvitengeneza. Mashabiki waliandamana na kuandika barua. Hoover, watengenezaji wa mashine za kusafishia mazulia, waliondoa matangazo yao ABC kwa kupinga uamuzi huo. Haikusaidia. All My Children ilionyeshwa mara ya mwisho Septemba 2011, baada ya miaka 41, na One Life to Live Januari 2012, baada ya miaka 43. Kile kipindi cha afya kilichochukua nafasi ya One Life to Live hakikufikisha hata mwaka mmoja.

Kufufuliwa

Kampuni moja iitwayo Prospect Park, ya Rich Frank na Jeff Kwatinetz, ilikuwa imeshachukua haki za kuziendeleza mtandaoni. Mashabiki walishangilia. Lakini Novemba 2011 kampuni ikasema mpango umesimama: fedha na makubaliano na vyama vya wafanyakazi havikukamilika. Kimya. Januari 2013 ikatangaza tena kuwa inarudi. Studio ikawekwa Stamford, Connecticut, na tarehe 29 Aprili 2013 tamthilia zote mbili zikaanza kuonekana Hulu na iTunes. Sehemu za saa nzima zilifanywa za nusu saa. Erika Slezak alirudi. Susan Lucci hakurudi.

Mpango wa awali ulikuwa sehemu nne kwa wiki kwa kila tamthilia. Haukupita hata mwezi, kampuni ikapunguza hadi sehemu mbili kwa wiki. Maelezo yao yalikuwa haya: watu hawatazami mtandaoni kama walivyotazama kwenye televisheni. Wanaziacha sehemu zirundikane, kisha wanatazama kwa mkupuo pale wanapopata nafasi, na wengine wanachagua tamthilia moja na kuiacha nyingine.

Yaani watu walikuwa na hamu ya hadithi, lakini ile saa 7 mchana haikuwepo tena. Kwenye televisheni hadithi ilimfuata mama ndani ya nyumba yake. Mtandaoni mama alitakiwa aifuate yeye: afungue kompyuta, au alipie kila mwezi, na akumbuke. Bibi wa miaka 70 aliyemfuata Erica Kane tangu 1970 hakuwa na tatizo la mapenzi. Alikuwa na tatizo la kompyuta.

Kilichoazimwa

Kulikuwa na jambo jingine, na hili lilituuma zaidi kwa sababu ya kazi yetu. Kabla ya tamthilia kurudi, baadhi ya wahusika wa One Life to Live walikuwa wameonekana ndani ya General Hospital ya ABC, kwa makubaliano ya kuazimana. Aprili 2013, siku chache tu kabla ya uzinduzi, Prospect Park iliishitaki ABC ikidai dola milioni 25. Miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba wahusika wawili walioazimwa waliuawa ndani ya hadithi, katika ajali ya gari, bila ya ridhaa. Waigizaji watatu wengine waliendelea kubaki General Hospital, wakapewa majina mapya na maisha mapya.

Sisi tunaokodisha magauni ya harusi tunajua ugomvi wa namna hii. Gauni linatoka zima, linarudi limepunguzwa kiuno na kukatwa mkono, na aliyelichukua anasema "nimelitengeneza tu". Kilichoazimwa ni amana, na masharti yake huandikwa kabla ya kitu kutoka mlangoni. Uamuzi wa madai yale ni kazi ya mahakama, lakini hasara ilionekana mapema: kampuni changa iliingia sokoni huku imeshikana mashati na mwenye mali.

Ukaongezeka mgogoro na chama cha mafundi wa studio kuhusu bajeti na viwango vya malipo. One Life to Live ya mtandaoni ilikoma Agosti 2013, na All My Children mwanzoni mwa Septemba. Hata miezi mitano kamili haikufika. Machi 2014 kampuni iliyoziendesha iliomba mahakamani kinga ya muflisi. Nyuma ya habari hiyo kulikuwa na waigizaji, wapambaji, washonaji wa mavazi na mafundi wa taa walioamini kazi imerudi.

Waliofuata

Days of Our Lives, iliyoanza NBC Novemba 1965, ilihamishiwa mtandaoni Peacock Septemba 2022. Tofauti yake ni kubwa: haikufungwa kwanza. Ilihama ikiwa hai, na waigizaji wake na studio yake, na sehemu mpya zikaendelea kutoka kila siku ya kazi. Novemba 2025 ilitimiza miaka 60. Hata hivyo sasa riziki yake iko kwa mnunuzi mmoja, na kila mkataba unapokaribia kwisha mashabiki wake wanashika roho.

Ya Australia inatisha zaidi. Neighbours ilianza mwaka 1985, na kwa miaka mingi fedha zilizoibeba zilitoka Uingereza, kituo cha Channel 5. Channel 5 walipojitoa, tamthilia ikaagwa kwa machozi Julai 2022. Amazon wakaifufua Septemba 2023, wahusika wengi wakarudi kwenye mtaa wao wa Ramsay Street, watu wakafurahi. Februari 2025 ikatangazwa kuwa itasimama tena, na Desemba 2025 ikasimama. Imeagwa mara mbili ndani ya miaka minne, na hakuna aliyesema kuwa hadithi imekosa wapenzi. Kilichokosekana kila mara ni mtu wa kuilipia.

Tulichojifunza

Kwa nini tunawasumbua mabibi harusi na habari hizi? Kwa sababu mmoja wetu alipojifungua tulifunga duka miezi minane. Tulidhani picha za mtandaoni zitatosha kulishikilia jina. Tulipofungua tena, kibao kilikuwa kile kile, cherehani zile zile, na picha zetu zilikuwa zimependwa na watu wengi kuliko wakati wowote. Lakini mama waliokuwa wakipitia kila Alhamisi wakitoka sokoni walishazoea kupita njia nyingine. Ilituchukua karibu miaka miwili kuwarudisha, mmoja mmoja, na wengine hawakurudi.

Prospect Park walinunua majina, wahusika na miji miwili ya kubuni. Hawakununua saa 7 mchana, kwa sababu haikuwa ya ABC kuiuza. Ilikuwa ya wale wanawake. Waliitoa wenyewe kila siku kwa miaka 40, na ilipokatwa waliipeleka kwingine: kwa wajukuu, kazini, kwenye usingizi wa mchana.

Tamthilia zitaendelea kufufuliwa, maana jina kongwe ni rahisi kulitangaza kuliko jipya. Zitakazodumu, kwa maoni yetu, ni zile zitakazohama bila kumwacha mtazamaji njiani, na zenye walipaji zaidi ya mmoja. Nyingine zitakuwa kama gauni la mama lililotolewa sandukuni kwa harusi moja. Litapendeza, watu watalia, kisha litarudi sandukuni.

Bibi harusi wetu wa wiki hii ameahidi kutotusimulia mwisho. Muadhini wa alasiri ameshaanza, tunazima runinga na pasi.

Wabillahi tawfiq.