Kanda za Ushahidi na Kazi ya Kuzinakili

Wako watu wengi wanaodhani kwamba neno likisha kutiwa katika kanda ya video basi limehifadhika, halina tena khofu ya kupotea. Dhana hiyo si sahihi, na tarikh ya kanda za Shoah Foundation huko Marekani yatuonesha wazi.

Taasisi hiyo iliasisiwa mwaka 1994 na Steven Spielberg, mtengenezaji wa filamu. Makusudio yake yalikuwa ni kuwatafuta walionusurika katika mauaji ya Mayahudi yaliyofanywa na Wanazi katika Vita Vikuu vya Pili, kuwaweka mbele ya kamera, na kuwaacha waeleze wenyewe yaliyowafika. Wengi wao ni Mayahudi, na pamoja nao wamo Waroma na wengineo. Wakahojiwa watu karibu 52,000, katika nchi 56 na kwa lugha 32. Kanda zilizojaa zilipita 235,000, zote za aina ya Betacam SP, kanda iliyokuwa ikitegemewa na mashirika ya televisheni zama hizo. Masimulizi yenyewe ni kiasi cha saa 105,000, yaani mtu akikaa kuyatazama usiku na mchana bila ya kulala atamaliza baada ya miaka 12.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Mashahidi walikuwa wazee, na mpaka hii leo wako watu wanaokanusha kuwa mauaji hayo yalitokea. Shahidi akifa, inayobaki kumjibu mkanushaji ni kanda.

Lakini kanda ni nini? Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini wenye sumaku, na unga huo umeshikwa na gundi. Gundi hunywa unyevu wa hewa, ikalainika na kunata, kisha unga ukabanduka na kuziba vichwa vya deki. Picha hupotea kidogo kidogo, wala mwenye kanda hana khabari kwa sababu kasha kwa nje ni zima. Tena kanda bila ya deki ni bure. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuwa yatengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016.

Taasisi hiyo, ambayo tangu 2006 imo ndani ya Chuo Kikuu cha Southern California, haikungoja. Baina ya 2008 na 2012 kanda zote zikahamishiwa katika faili za kompyuta, kwa namna isiyopunguza kitu katika picha. Na kwa kuwa kanda ya nusu saa haikubali kunakiliwa kwa chini ya nusu saa, ikawekwa mitambo mingi ikifanya kazi kwa pamoja, na mkono wa roboti ukiitia kanda na kuitoa. Zikapatikana kanda, kiasi cha tano katika mia, ambazo sauti au picha zake zina kasoro, nazo zikahitaji kutengenezwa mbalimbali.

La kustaajabisha ni hili: faili hizo nazo zikawekwa juu ya kanda, kanda za kompyuta! Hizo nazo huchakaa, kwa hivyo kila baada ya miaka michache yaliyomo huhamishiwa katika mpya. Na kila faili hupigiwa hesabu yake. Ikirudiwa hesabu na isiwafikiane na ya kwanza, hujulikana kuwa faili imeharibika na huletwa nakala nyengine. Aliyesoma habari za wanazuoni wa hadithi, walivyouliza nani kapokea kwa nani, hataiona kazi hii kuwa ngeni. Na waandishi wa Siyu waliokuwa wakinakili misahafu kwa kalamu ya mwanzi wangaliifahamu bila ya kufafanuliwa.

Mwaka 2013 ushahidi wa walionusurika Rwanda mwaka 1994 ukaingizwa pia katika hazina hiyo.

Na majumbani mwetu? Makabatini mna kanda za VHS za harusi, za maulidi, na za darsa za masheikh waliokwisha kufariki, nazo zimekaa miaka katika joto na unyevu wa pwani. Iliyoota ukungu isitiwe katika deki kabla ya kusafishwa, kwani itaharibika yenyewe na kuziharibu za baadaye. Nakala moja ikae nyumbani na nyengine mahali mbali. Kanda 40 za saa tatu tatu ni saa 120 za kunakili, na kazi hiyo fundi aweza kuifanya. Asiloliweza ni kutaja nani yule aliyekaa kulia kwa bwana harusi. Kule Marekani kila mahojiano yalifanyiwa faharasa dakika kwa dakika, na majina yaliyoorodheshwa ni zaidi ya milioni moja. Hapa kwetu wenye kuyajua majina ni bibi na shangazi zetu, na wengi wao wamekwisha pita miaka sabini.