Sukuma kwa Gunia Nyeri: Anza na Mchanga, Si Miche

Wasee wa keja hapa Nyeri, Karatina na Othaya hukimbilia kununua miche, mchanga wanachota popote. Ule mwekundu wa Mlima Kenya uko na rutuba, lakini ukiuweka peke yake kwa gunia unashikana kama tofali na mizizi inakosa hewa. Tena mvua ya huku hufanya uwe na asidi. Majani chai inaupenda hivyo. Sukuma, zii.

Changanya ndoo mbili za mchanga, moja ya samadi iliyooza na nusu ya maganda ya kahawa yaliyooza pia. Ongeza konzi ya jivu la kuni, linapunguza asidi. Samadi mbichi itachoma miche, na ya kuku ndio noma zaidi. Iache ioze kama miezi 3. Ikipoa na isinuke choo, iko tayari. Usitoe doh, shosho mwenye ng'ombe hatakunyima.

Katikati ya gunia panga kokoto kutoka chini hadi juu, maji yapite. Toboa kando, panda.

Na nyinyi mnaouliza kama huu mchanga unaweza kubeba "ile mboga ingine": unaweza, lakini sheria ya mihadarati ya 1994 inaweza kukutupa jela hadi miaka 20 kwa kulima bangi, hata kama ni gunia moja kwa balkoni.

Sukuma utaanza kuchuma kama mwezi na nusu baada ya kupandikiza. Toa majani ya chini, ya juu uyaache.