Rais Ndani ya Mwili wa Mwigizaji: Kutoka Amin wa Olita hadi Moi wa Nyambane

Katika historia ya filamu, mwigizaji wa uhusika ni yule ambaye sifa yake haitokani na sura ya kuvutia wala na kuirudia nafsi yake mwenyewe katika kila kazi, bali na uwezo wa kujivua tabia zake na kuvaa za mtu mwingine, kuanzia mwendo na pumzi hadi namna ya kunyamaza. Kwa waigizaji wa aina hii katika Afrika Mashariki, wahusika waliokuwa mtihani mgumu kuliko wote ni watawala, na eneo lililokuwa Mkoa wa Nyanza, nchini Kenya, lilitoa watu wawili walioufanya mtihani huo kwa njia zisizofanana: Joseph Olita wa Siaya, aliyemwigiza Idi Amin, na Walter Mong'are, mwana wa Gusii ajulikanaye zaidi kwa jina la Nyambane, aliyemwigiza Daniel arap Moi. Olita alifanya kazi mbele ya kamera ya filamu, akimwonyesha mtawala wa nchi jirani ambaye alikuwa amekwisha kuanguka. Mong'are alisimama jukwaani na runingani akimwonyesha rais wa nchi yake mwenyewe, aliyekuwa bado Ikulu.

Amin, aliyetwaa madaraka ya Uganda tarehe 25 Januari 1971 na kuondolewa Kampala Aprili 1979, alikuwa mwigizaji kabla ya waigizaji kumfikia. Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alitengeneza filamu ya hali halisi, yaani filamu inayorekodi watu na matukio yalivyo badala ya kubuni kisa, ambamo Amin alijionyesha apendavyo, akipiga kodiani, akielekeza mazoezi ya kijeshi na kuwahutubia mawaziri wake waliokaa kimya wakiandika kila neno. Katika kikao hicho anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, na mtazamaji anaelezwa kwamba wiki mbili baadaye mwili wa waziri huyo ulikutwa katika Mto Nile. Amin hakuridhika na toleo lililoonyeshwa Ufaransa na kwingineko nje ya Uganda, akawazuia Wafaransa waliokuwa nchini mwake hadi vipande alivyovichukia vilipoondolewa.

Baada ya uvamizi wa Waisraeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe mwezi Julai 1976, Marekani ilitoa haraka filamu mbili za runinga kuhusu tukio hilo. Katika moja, Godfrey Cambridge aliyepewa nafasi ya Amin alifariki kwa ugonjwa wa moyo wakati wa upigaji picha, nafasi yake ikachukuliwa na Julius Harris. Katika nyingine Amin aliigizwa na Yaphet Kotto. Wote walikuwa waigizaji hodari, lakini walimjua Amin kwa umbali wa magazeti.

Olita alikuwa na mazingira tofauti. Filamu yake, The Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kupigwa nchini Kenya, ilitoka mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kukimbia, wakati ambapo Waganda wengi waliosoma, wakiwemo walimu, walikuwa wamepata hifadhi Kenya na habari za nchi yao zilisimuliwa na watu walioziishi. Ukaribu huo unaonekana katika uchaguzi mmoja wa ajabu: Denis Hills, mwandishi Mwingereza ambaye Amin alimhukumu kifo mwaka 1975 kwa sababu ya mswada wa kitabu, na ambaye aliachiwa baada ya waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, James Callaghan, kwenda Kampala mwenyewe, alijiigiza katika filamu hiyo. Kwa hiyo Olita, mwenye mwili mkubwa na uso uliofanana mno na wa Amin, alilazimika kutenda mbele ya mtu ambaye alikuwa amesimama mbele ya Amin wa kweli akiwa na hukumu ya kifo shingoni.

Wahakiki hawakuiheshimu sana filamu yenyewe, na ni haki kukiri kwamba imejaa damu, vichwa ndani ya jokofu na uvumi uliogeuzwa kuwa picha, kiasi kwamba mateso ya Waganda yanakaribia kuwa tamasha la kutisha. Hata hivyo, kumhukumu Olita kwa makosa ya hadithi aliyopewa ni kumdhulumu. Kicheko chake hugeuka ghadhabu bila onyo, mwili wake hujaza chumba kabla hajasema, na mtazamaji huelewa kwa nini watu walicheka pamoja na Amin wakiwa na hofu. Mwaka 1991 mwongozaji Mira Nair alimrudisha kwa muda mfupi katika nafasi hiyo hiyo katika Mississippi Masala, filamu inayoanza na kufukuzwa kwa Waasia kutoka Uganda mwaka 1972. Forest Whitaker alipopata tuzo ya Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Amin, baada ya kujifunza Kiswahili na kodiani kwa ajili ya kazi hiyo, sifa zilikuwa za haki, lakini jina la mwana wa Siaya aliyetangulia kwa robo karne lilitajwa kwa nadra. Olita alifariki mwaka 2014.

Kuvuka kutoka Siaya hadi Kisii na Nyamira ni kuvuka pia kutoka filamu hadi kejeli, yaani sanaa ya kumfichua mkubwa kwa kumchekesha mtazamaji. Abagusii, wenyeji wa kaunti hizo mbili, wana mapokeo ya usimulizi wa hadithi, mtu mmoja akiwapa sauti wahusika wote, na wana obokano, zeze kubwa la nyuzi nane ambalo mpigaji wake huimba habari za watu na matendo yao. Mapokeo ya namna hii yalipata makao mapya katika mashindano ya kitaifa ya drama ya shule na vyuo, ambayo yalianza mwaka 1959 na ambayo yamewapa wanafunzi wa Gusii, kama wenzao kote nchini, nafasi ya kupanda jukwaani.

Hata hivyo, kumsema rais kulikuwa jambo la hatari, na Gusii ilijua gharama yake. George Anyona, mbunge kutoka upande ambao sasa ni Nyamira, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1977 chini ya Rais Jomo Kenyatta, kisha tena mwaka 1982 chini ya Moi, baada ya yeye na mwanasiasa Jaramogi Oginga Odinga kujaribu kuanzisha chama cha pili. Mwaka 1990 alikamatwa kwa mara nyingine, na baadaye akahukumiwa kwa uchochezi. Mwaka 1984 Moi aliwataka mawaziri na viongozi wengine wamfuate kama kasuku, wakirudia wimbo wake kama yeye mwenyewe alivyourudia wa Kenyatta.

Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, kilifutwa Desemba 1991, na woga ukaanza kulegea polepole. Mwishoni mwa muongo huo wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, waliunda kundi la Redykyulass, na vichekesho vyao vikapata watazamaji wa nchi nzima kupitia runinga ya Nation. Mong'are alichukua nafasi ya rais. Wakenya walikuwa wamezoea vichekesho vya runinga ya taifa, vilivyohusu mume na mke au mshtakiwa na hakimu. Kumwona Mtukufu Rais mwenyewe akiwa mhusika, naye yuko madarakani, kulikuwa jambo jipya kabisa.

Ugumu wa kazi hiyo ni rahisi kuudharau. Taarifa ya habari ya taifa ilikuwa na desturi ya kuanza na shughuli za rais, kwa hiyo kila mtazamaji alikuwa hakimu: mchuuzi wa ndizi katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii alijua pale ambapo Moi hukatiza sentensi, jinsi sauti yake yenye mikwaruzo inavyoshuka kabla ya onyo, na wakati ambao rungu lake hupanda. Olita aliweza kumbuni Amin katika vyumba ambavyo mtazamaji hakuwahi kuviona. Mong'are hakuwa na chumba cha namna hiyo, kwa sababu Moi wake alipaswa kulingana na wa jana usiku. Alirudia sauti na maneno ya rais kama kasuku wa mwaka 1984 walivyotakiwa kufanya, na katika kurudia huko utiifu ukawa uchunguzi. Mwenendo uliokuwa umetisha kwa miaka ishirini ukaonekana kuwa mkusanyiko wa tabia ambazo kijana wa chuo angeweza kujifunza na kuzitenda.

Inafaa pia kukumbuka kwamba katika vichekesho vya Kenya lafudhi ya Mkisii mara nyingi ndiyo iliyochekwa. Mong'are aliigeuza hali hiyo kwa kujitwalia lafudhi ya mwenye nchi.

Moi aliondoka madarakani Desemba 2002, na kwa kuondoka kwake uigizaji huo ukapoteza hatari iliyokuwa imeupa uzito. Mong'are alihamia redioni, ambako kwa miaka kadhaa alisikika asubuhi katika kituo cha Kiss pamoja na Caroline Mutoko. Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020. Kijana wa Gusii, wa Keroka au Nyansiongo, aliyezaliwa baada ya 2002 hakuwahi kumsikia akitawala, na sauti ya utawala ule, kama imemfikia, yaelekea imepita kwanza kinywani mwa mwigaji. Kanda za Redykyulass zinastahili kuwekwa katika nyaraka za taifa pamoja na hotuba zenyewe, ili atakayezichunguza aweze kuzisikiliza zote mbili kwa mfuatano.