Umiliki wa Umma na Hesabu ya Msitu: Funzo la Usambara Mashariki

Historia ya misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, inatufundisha kwamba kuitoa mali ya asili mikononi mwa wanyonyaji ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kuisimamia kwa hesabu. "Msitu ni wa nani?" na "Unakatwa kwa kasi gani?" ni maswali mawili, na jibu la moja si jibu la jingine.

Enzi ya Mjerumani

Wajerumani waliijua hesabu hiyo. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, wa Saxony, alikwisha andika kwamba msitu usikatwe kupita unavyoota. Lakini elimu hiyo ilipofika kwenye koloni ilitanguliwa na faida. Kati ya 1904 na 1910 ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi ili kuteremsha magogo, hasa ya mvule. Mwaka huohuo wa 1904 ilitolewa amri ya kuhifadhi misitu. Mwananchi akazuiwa, kampuni ikaendelea kukata.

Baada ya Azimio la Arusha

Azimio la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na mwaka 1971 likaundwa shirika la umma la viwanda vya mbao, TWICO. Chini yake, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilivuna Usambara Mashariki kwa mashine, kwa msaada wa Ufini. Nia ilikuwa njema: ajira, mbao za kujengea nchi, na kujitegemea. Lakini kiwanda hudai magogo kila siku, na mti hauongezi kasi ya kukua kwa sababu lengo la mpango limepandishwa.

Tuchukue mfano wa darasani. Msitu una meta za ujazo 1,000 na hukua kwa asilimia 2 kwa mwaka. Ukivuna meta 20 kila mwaka, msitu unabaki ulivyo. Ukivuna 50, katika mwaka wa 26 hakuna kitu. Tena miaka ya mwanzo haionyeshi hatari yoyote: magogo yanafika, mishahara inalipwa, taarifa zinasifiwa.

Usambara ilionyesha hatari hiyo. Sehemu zilizokatwa zilivamiwa na Maesopsis, mti mgeni katika milima hiyo, na wasiwasi ukaingia juu ya mto Zigi, unaowapa maji wakazi wa mji wa Tanga. Misitu ilihesabiwa mwaka 1986 na 1987, na uvunaji huo wa mashine ukasimamishwa. Hesabu ilikuja nyuma ya shoka, badala ya kulitangulia. Mwaka 1997 ilianzishwa hifadhi ya Amani.

Enzi ya soko huria

Wako wanaosema kosa lilikuwa umiliki wa umma. Rufiji na Kilwa zinawajibu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, wafanyabiashara binafsi walimiminika kusini. Taarifa ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kuingia serikalini yalipotea. Takwimu za China zilionyesha mazao ya misitu kutoka Tanzania mara kumi ya yale tuliyoyaandika sisi wenyewe. Hapo mali ilivunwa bila kupimwa, na isiyopimwa ni rahisi kuibwa.

Wajibu wa kada

Mkoloni, shirika la umma na mfanyabiashara hawakuwa na lengo moja. Lakini msitu haukatwi na malengo, unakatwa na shoka. Umiliki wa umma unabaki kuwa msingi, kwa sababu ndio unaompa mwananchi haki ya kudai hesabu. Kwa hiyo kada anayekwenda kijijini chenye msitu aulize mambo matatu kabla ya kibali kutolewa: miti iliyopo ni kiasi gani, inakua kiasi gani kwa mwaka, na nani anahesabu magogo yanapotoka. Majibu hayo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Umma usiojua hesabu ya mali yake ni mmiliki wa jina tu.