Kulenga Shabaha: Mchezo, Ushindani na Mipaka ya Mafakihi

 

Hapa kwetu Kilole, mjini Korogwe, vijana wakimaliza darsa ya alasiri hutoka na manati, wakatundika kopo mtini na kushindana nani atalipiga mara nyingi zaidi. Siku hizi kila mmoja hutoa shilingi mia mbili kabla ya kurusha, na mshindi huzoa zote. Basi maneno yamezuka msikitini. Baadhi ya wazee wanataka mchezo huu upigwe marufuku kabisa, kwani ni upuuzi na huleta ugomvi. Vijana nao wanajibu kwamba kulenga shabaha ni Sunna. Tunaona kila upande umeshika nusu ya jambo.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin al-Akwa' (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale. Akawahimiza, akawakumbusha kwamba baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mpiga mishale, kisha akasema kuwa yeye yuko na kundi mojawapo. Hapo kundi la pili likashusha pinde zao. Alipowauliza sababu, wakajibu: vipi watarusha ilhali yeye yuko na wale? Ndipo akawaamrisha waendelee, akawaambia yuko pamoja nao wote.

Mara nyingi hadithi hii husomwa kwa ajili ya fadhila za mishale tu, ikapitwa haraka. Na tuizingatie. Watu wale walikuwa wakifurahi na wakishindana kwa wakati mmoja, na hakuna aliyewakemea. Kilichousimamisha mchezo ni upande mmoja kuona kuwa kushinda kumekuwa utovu wa adabu na kushindwa kumekuwa lazima. Mtume (s.a.w.) hakuuvunja ushindani ili kuwaridhisha, aliuondoa upendeleo, na mishale ikaruka tena.

Kushindwa nako kuna historia yake. Ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye al-Adbaa alikuwa hapitwi mbioni, mpaka siku moja bedui akaja juu ya ngamia wake mchanga akampita. Waislamu wakaona uzito mkubwa. Mtume (s.a.w.) alipoutambua uzito huo, akawaeleza kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Hakudai mbio zirudiwe, wala hakumtafutia bedui kasoro.

Imam Shafi'i (aliyefariki mwaka 204 Hijria, sawa na 820 Miladia) alikuwa hodari wa upinde, na katika kitabu chake al-Umm aliweka mlango maalumu wa mashindano ya mbio na mishale. Anayeusoma mara ya kwanza hushangaa jinsi ulivyo na mambo madogo madogo: umbali ujulikane, ukubwa wa shabaha ujulikane, idadi ya mishale na ya kupata ijulikane, na nani ataanza. Mshale uliogusa tu una jina lake, uliotoboa bila kuganda una jina lake, uliotoboa ukaganda una jina lake. Kila aliyewahi kusimama karibu na kopo la Kilole na kusikia kelele za "nimeligusa!" na "hukuligusa!" atafahamu mara moja kwa nini mafakihi walijisumbua.

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), ambaye Minhaj yake husomeshwa katika pwani yetu hii, aliingiza kurusha mawe katika mashindano yanayofaa kuwekewa tuzo, na wafafanuzi wakataja kurusha kwa mkono na kwa kombeo. Manati ni ndugu wa kombeo. Lakini katika orodha ya michezo isiyofaa kuwekewa tuzo alitaja al-bunduq. Msomaji wetu asikimbilie bunduki. Al-Khatib al-Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria) amefafanua kuwa ni ile inayotupwa katika shimo, yaani mchezo ulio karibu na gololi zetu. Gololi bila dau, watoto na wacheze.

Na Ibn Qudama wa madhehebu ya Hanbal (aliyefariki mwaka 620 Hijria) amesema katika al-Mughni kwamba mshindani huzuiwa kujigamba na kumsuta mwenzake aliyekosa. Hata msimamizi na mashahidi huchukiziwa kumsifu aliyepata na kumlaumu aliyekosa, kwa kuwa huvunja moyo wa mwenzake. Laiti waamuzi wetu wa mpira wangelijua hilo!

Nchi yetu hii nayo ni ya wawindaji tangu zamani. Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi amesimulia habari za Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu. Alipokuwa Kilindi, mtoto wa mkubwa wa mji alifuatana naye mawindoni, akauawa huko na mnyama, na Mbega na wenzake wakakimbilia Usambara. Mawindo yake yaliwaondolea watu waharibifu wa mashamba, na hiyo ni haja. Kijana wa Kilindi hakuwa na haja hiyo.

Kinachotutia wasiwasi zaidi hapa Kilole ni kwamba kopo likichosha, manati huelekezwa kwa ndege. Ibn Umar (r.a.) aliwapitia vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakamfanya shabaha, na kila mshale uliokosa ukawa mali ya mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Katika hili hatuna kauli mbili: vijana wazuiwe, tena leo.

Zimebaki zile shilingi mia mbili. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, tuzo ikitolewa na mtu wa nje, inafaa. Akiitoa mshindani mmoja tu, inafaa. Wakitoa wote, hiyo ni kamari, mpaka aingie muhallil: mshindani asiyetoa kitu, mwenye uwezo sawa na wao, ambaye akishinda huchukua zote na akishindwa hadaiwi. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim hawakumshurutisha, lakini sisi hatuoni sababu ya kuiacha kauli ya wengi kwa ajili ya kopo.

Na tumewauliza vijana wenyewe: yule mwenzao asiye na mia mbili hufanywaje? Wakasema hufukuzwa. Basi wamrudishe, arushe pamoja nao, kwa sababu bila yeye fedha ile haiwahalalikii.