Mng'ao Si Ubora

Watu wengi hudhani kuwa chapa ing'aayo ndiyo bora. Historia ya uchapaji wa nguo yatufundisha vingine. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipewa hataza ya kuchapa kwa wavu wa hariri. Baadaye ukaja wino wa plastiki, ukaao juu ya uzi na kung'aa. Ili kuufifiza mng'ao huo, wachapaji huutia unga laini wa silika, ambao huutawanya mwanga. Lakini kanga zetu za pamba, kama zilizochapwa katika kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, hazikuhitaji dawa hiyo: rangi ilizama nyuzini. Basi, vijana, msihukumu nguo kwa mng'ao. Igeuzeni, mtazame upande wa pili.